Ukili wa Kuvuka Mto

Mwezi uliopita nilinunua mkeka Ngamiani, mjini Tanga, kwenye duka la mzee anayeuza pia vikapu na mafagio, nikaubeba hadi nyumbani ukiwa umeviringishwa na kufungwa kamba. Nilipoukunjua sebuleni harufu ilitangulia rangi. Ni harufu ya ukindu uliochemshwa, ukaanikwa kivulini, kisha ukakaa ndani muda mrefu. Harufu kavu, yenye utamu kidogo, inayokaribiana na ya majani ya chai yaliyosahaulika juani. Walio wa rika langu, waliolelewa na bibi zao katika miji midogo ya pwani, hawahitaji kuelezwa zaidi. Nilikaa juu ya mkeka ule mpaka chai ikapoa, na kilichonijia hakikuwa nyumba ya Bibi kwa jumla, kama nilivyotarajia. Ulinijia msimu mmoja tu, ule ambao Pangani ilijaa wasanii kutoka nje.

Nilikuwa nakaa Pangani na Bibi, mama yake mama. Mama alikuwa na kazi Tanga mjini na alikuja kutuona mwisho wa wiki. Bibi alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono ambayo ilionekana kuzidi mwili wake. Mikono hiyo haikukaa bure. Alisuka ukili akisubiri wali uive, akisikiliza matangazo ya vifo redioni, akizungumza na jirani kupitia dirishani. Ukili, kwa wasioujua, ni ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza, upana wa vidole vinne au kiganja, kisha tepe zikashonwa ubavu kwa ubavu mpaka zikawa mkeka. Bibi hakuutazama alipousuka. Alikuwa akikutazama wewe, na ukili ulikuwa ukirefuka chini ya vidole vyake na kujikunja kapuni.

Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na desturi moja ambayo niliifahamu kabla ya kujua kusoma. Ukili wa mtu ambao haujaisha haukuguswa. Ungeweza kuazima chungu cha jirani, hata kanga yake, lakini ukiukuta ukili wake umelala barazani uliupita. Mwenyewe akitaka kuinuka, kwenda kuswali au kuepua chungu, alimnyooshea aliye karibu ile ncha iliyo wazi na kusema, "Nishikie." Hapo tu ndipo mwingine alipoweza kuupokea na kuuendeleza. Kumwambia mtu nishikie ilikuwa kumwambia kwamba unamwamini mkono wake, na wanawake hawakulitoa neno hilo kwa kila mtu.

Mtu ambaye Bibi alimwambia neno hilo mara nyingi zaidi alikuwa mdogo wake. Alikaa Bweni, ng'ambo ya mto, nami nilimwita Bibi wa Bweni ili nisiwachanganye. Alikuwa mfupi, mnene, mcheshi, na kila Ijumaa ama yeye alivuka kuja kwetu au sisi tulipanda pantoni kwenda kwake. Safari ya pantoni ilikuwa fupi kiasi kwamba abiria wengi hawakukaa. Kwangu ilikuwa safari kubwa ya wiki.

Kisha Ijumaa hizo zikakatika. Sababu ilikuwa kadi ya harusi. Zuhura, binti pekee wa Bibi wa Bweni, alikuwa anaolewa na kijana anayefanya kazi Mwanza. Zuhura alikuwa amesoma na alitaka harusi yenye kadi. Alizichapisha Tanga, zenye maandishi ya dhahabu na utepe, na moja ikaletwa kwetu na kijana wa pantoni pamoja na mzigo wa ndizi wa mtu mwingine. Juu yake paliandikwa jina kamili la Bibi, likifuatiwa na maneno "na familia". Bibi hakuwa hodari wa kusoma, kwa hiyo alinipa mimi nisome, na nilisoma kwa sauti kwa sababu nilikuwa najivunia kusoma.

"Na familia," alirudia. "Familia ipi? Mimi na nani?"

Kwetu, ukiwa dada mkubwa wa mama wa bibi harusi, hualikwi. Unaitwa. Unaitwa mapema, kabla mtu wa nje hajanusa habari, mdogo wako anakuja mwenyewe kwa miguu yake, anakaa, anakunywa maji, anakwambia kuna jambo. Ndipo wewe na yeye mnapanga nani atapita nyumba kwa nyumba kuwaalika wengine. Kupewa kadi ilikuwa kuwekwa upande wa hao wengine. Mama alijitahidi kueleza. Alisema Zuhura aliona ni heshima, kwamba kadi ya kwanza kuandikwa ilikuwa ya Bibi, kabla hata ya wakwe. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema mgeni wa kwanza bado ni mgeni. Hakwenda harusini. Akasema, mbele ya majirani wa kutosha, kwamba hatapanda pantoni kwenda Bweni mpaka aje kuitwa kwa miguu. Bibi wa Bweni naye alisikia kwamba dada yake amekataa harusi ya mwanawe, akasema basi, na yeye hatavuka kuja Pangani kuomba msamaha kwa kosa la kuchapisha jina la mtu kwa dhahabu. Mto ukabaki hapo katikati.

Wasanii walifika wakati ugomvi huo ulikuwa umeshazoeleka. Walikuja kwa mabasi madogo, wengine na masanduku makubwa, wakagawanywa katika nyumba za wageni na nyumba za watu. Tuliambiwa shuleni kwamba kila mmoja atatengeneza kitu na kukiweka mahali pa wazi, ili mji wote ukione bila kiingilio. Mji uliupokea mpango huo kwa utulivu. Swali lililoulizwa zaidi lilikuwa "Cha nini?", na likishaulizwa halikudai jibu.

Kijana mmoja wa Senegali aliokota kandambili zilizotupwa na bahari, mamia kwa mamia, akazipanga mchangani kwa rangi, kuanzia nyeupe mpaka nyeusi. Watu walikwenda kuangalia kwa makini sana, na msanii alifurahi, mpaka alipogundua kwamba walikuwa wanatafuta zao zilizopotea. Mama Chausiku, jirani yetu, alipata ya kushoto aliyoipoteza Idi iliyotangulia na akaichukua. Mwanamume mmoja wa Norwe alitundika vioo virefu kwenye kuta za nyumba kuukuu karibu na mto, ili nyumba, alisema, zijione. Jogoo wa mwenye hoteli alipigana na kioo kimojawapo siku nzima, na wanawake wakitoka sokoni walisimama pale kurekebisha mitandio. Nadhani vioo ndivyo vilivyopendwa zaidi, na viliposhushwa watu walilalamika.

Msanii aliyetufikia sisi alikuwa mama wa makamo kutoka Kolombia, jina lake Ines. Mtaani akawa Mama Inesi. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi na tabia ya kugusa kila kitu kilichosukwa: kofia, makapu, hata paa za makuti. Alizunguka na Mwalimu Kassim wa shule yetu, aliyemtafsiria. Siku ya pili alikaa barazani kwetu, akamtazama Bibi akisuka kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo refu, na Mwalimu Kassim akalifupisha. Mama huyu, alisema, anataka wanawake wa Pangani wasuke ukili, na wanawake wa Bweni wasuke wao, na siku moja maji yakijaa na kusimama, tepe hizo mbili zitoke kila upande zikiwa zimeshikwa na watu kwenye mitumbwi, zikutane katikati ya mto na kuunganishwa. Anasema mto unatenganisha watu, na ukili utawaunganisha.

"Hiyo si kazi ya pantoni?" aliuliza Mama Chausiku.

Mwalimu Kassim hakulitafsiri hilo. Bibi aliendelea kusuka, akauliza nani atasimamia upande wa Bweni. Mwalimu akamtaja Bibi wa Bweni. Nakumbuka nilimtazama Bibi usoni nikitafuta hasira, na sikuiona. Alisema, "Mimi nitasuka wangu," na Mama Inesi akapiga makofi kidogo kwa furaha, akidhani ni jibu rahisi.

Hapa lazima nieleze nilivyoelewa mimi, kwa sababu kila nilichokifanya wiki zilizofuata kilitokana na hilo. Nilielewa kwamba Mama Inesi anajenga njia. Nilikuwa nimeona harusini bibi harusi akitandikiwa mikeka kutoka mlangoni ili asikanyage ardhi, na niliona wazi kwamba Bibi atatandikiwa hivyohivyo juu ya maji. Aliapa kutopanda pantoni. Hakuapa kutotembea. Nilidhani mgeni huyu, aliyetoka mbali hivyo, ameletwa na mtu aliyejua shida yetu, labda Mama, na kwamba mambo mengine yote, kandambili na vioo, yalikuwa ya kuzuga ili Bibi asigundue. Kwa hiyo nilinyamaza. Niliwaona wakubwa wakinyamaza pia, na hilo likanithibitishia.

Nilikuwa pia na sababu ya kuharakisha. Mama alikuwa amekuja na habari kwamba Zuhura atakuja kumchukua mama yake akakae naye Mwanza, kwa kuwa Bibi wa Bweni alikuwa peke yake nyumbani na miguu inamvimba. Safari ilikuwa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Tulikuwa Shaabani, wakati ambao watu wa kwetu hupita kwa ndugu na majirani kuombana radhi ili wasiingie kwenye mfungo na kinyongo cha mtu moyoni. Mama alimkumbusha Bibi hilo kwa sauti ya chini. Mwanza si Bweni, alimwambia. Akishaondoka, hakuna Ijumaa. Bibi alijibu kwamba mlango wake haujawahi kufungwa na kila mtu anajua ulipo. Mama alikwenda ng'ambo kujaribu upande wa pili, akarudi na jibu linalofanana na hilo.

Kazi ilianza kwa kupima mto. Mwalimu Kassim alitaka mita. Wanawake walikataa, hakuna aliyewahi kusuka mita. Walitaka pima, yaani urefu kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja mpaka ncha ya mwingine mtu akinyoosha mikono yote. Basi mvuvi mmoja, mtu mkubwa, alivuka na kamba kutoka gati hadi gati, kamba ikarudishwa, akaipima kwa mikono yake, na jumla ya pima ikagawanywa nusu kwa nusu. Mwalimu alisema, kwa upole, kwamba pima ya mtu na mtu hazilingani. Aliambiwa pima ni pima. Mama Inesi alipenda sana kipimo hicho cha mwili na akakiandika, na jambo likaishia hapo.

Nyumba yetu ikawa kiwanda. Wanawake walisuka kila mmoja kwake na kuleta vipande, Bibi akavikagua, akavishona ncha kwa ncha kwa shazia, ile sindano kubwa, kisha akapima mstari wote kwa mikono yake mirefu. Rangi yetu ilikuwa zambarau. Sufuria ya rangi ilichemka uani kutwa, na vidole vyangu, daftari zangu na hata paka vyote vilikuwa na zambarau. Tulisikia Bweni wamechagua nyekundu. Habari zilivuka kila siku na abiria wa pantoni: wenzenu wamefika wapi, wenzenu wanasuka mpana, wenzenu wana redio. Bibi alizipokea bila kuuliza swali hata moja. Usiku, nikiwa nimelala, nilimsikia bado anasuka. Asubuhi nikakuta ukili mwingine, wa ukindu mtupu usiotiwa rangi, umejikunja kwenye kapu lake mwenyewe nyuma ya mlango. Nilipouliza ni wa nini alisema ni wa akiba, nisiuguse.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Pantoni ilisimamishwa kwa ruhusa ya wakubwa wa wilaya, magari yakajipanga, madereva wakashuka kutazama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimsugua Bibi miguu kwa jiwe jana yake, akashangaa kidogo lakini hakukataa, na gatini nilivua viatu vyangu, kwa sababu mkeka haukanyagwi na viatu. Nilimwambia na yeye avue. Alivua, akidhani nina wasiwasi na mtumbwi kuteleza. Ndipo nilipoona kwamba anainua kanga yake na kuingia mtumbwini, na kwamba wanaume wanamshika mikono, na hakuna njia yoyote inayotandikwa.

Mama Chausiku alikuwapo na hakuacha nafasi impite. "Bibi, si uliapa?"

"Niliapa Bweni," Bibi alisema akikaa. "Katikati ya mto si Bweni. Mke mwenzangu, lete kapu, upande."

Mke mwenzangu ndilo jina aliloniita kwa utani, kama bibi wengi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Nilipanda na kapu, ambalo lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea.

Mitumbwi ilikuwa imetiwa nanga kwa mstari kutoka gati zote mbili. Ukili wetu ulipitishwa kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, kila mtu akiushika kwa mikono miwili juu kidogo ya maji, na sisi tulisonga mbele na ncha. Ulikuwa mzuri. Sikuujali. Nilikuwa bado nautazama nikifikiri labda utapanuliwa baadaye. Zambarau yetu ilifika katikati na kuzidi kidogo. Kutoka upande wa pili tuliona nyekundu ikija, na mtumbwi wenye Bibi wa Bweni mbele, mtandio wake umefungwa kiunoni. Mtumbwi ule ulisimama ghafla. Ukili wao ulikuwa umenyooka wote kuanzia gati ya Bweni mpaka mkononi mwake, umekaza, na kati yake na sisi palibaki maji matupu, mapana kiasi kwamba mtu wa kutupa jiwe angefikiri kwanza.

Hawakuwa wamekosea hesabu. Walikuwa wamesuka pima zote walizopewa, kwa mikono ya Bibi wa Bweni, ambayo ilikuwa mifupi. Kila pima ilipungua kidogo, na kidogo hicho kilikuwa kimejilimbikiza mpaka kikawa lile pengo. Upande wa Pangani watu walianza kucheka, kisha upande wa Bweni wakatukana kidogo, kwa namna ya mashabiki wa mpira wa miguu. Mama Inesi, aliyekuwa kwenye boti na kamera, aliuliza kuna nini. Mwalimu Kassim alimweleza na, nadhani, alijizuia kusema kwamba alikuwa amewaonya. Wapiga makasia walikuwa wakiangalia maji. Yakianza kutoka, mstari wote ungevutwa baharini na kazi ya wiki zote ingekatika.

Bibi wa Bweni alimkabidhi ncha mwanamume aliyekuwa nyuma yake, na mtumbwi wake ukajitenga na mstari. Ulikuja peke yake kuvuka lile pengo mpaka ukagusana na wetu. Alishika ukingo wa mtumbwi wetu ili usiende. Alikuwa anahema.

"Shikamoo, dada."

Salamu hiyo haikataliwi, hata na mtu mwenye kiapo. "Marahaba," Bibi alisema, na akatazama maji.

"Ukili umetupungukia."

"Naona."

"Nishikie, dada."

Watu wa kwenye mitumbwi ya jirani waliacha kucheka. Kisha Bibi akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza.

"Kadi yangu iko wapi?"

Mtu nyuma yetu alipaliwa na kicheko. Bibi wa Bweni hakucheka. Alikuwa mcheshi wa familia, na nilimsubiri ajibu kwa mzaha, lakini alisema polepole, kama mtu anayesoma shahada.

"Sina kadi. Nimekuja mwenyewe."

Bibi alivuta pumzi. Akageuka kwangu. "Mke mwenzangu, funua kapu."

Nilifunua. Ukili ule wa akiba, mweupe, ulianza kutoka, ukatoka, na uliendelea kutoka. Bibi wa Bweni alipokea ncha moja, akauangalia, akaupima kwa macho hadi kwenye mtumbwi wa nyekundu, na ulikuwa wa kutosha na kubaki. Uso wake ulibadilika.

"Ulijua."

"Mikono yako naijua," Bibi alisema, akiwa ameshatia uzi kwenye shazia. "Tangu mkeka wa mama. Nani alimalizia upande wako?"

"Wewe."

"Haya. Shika vizuri, maji hayana subira."

Walishona. Bibi alishona upande wa zambarau, kisha mitumbwi miwili ikarudi pamoja hadi kwenye nyekundu na Bibi wa Bweni akashona upande wake, Bibi akimwambia muda wote kwamba anachoma sindano mbali. Kwa muda mfupi, kabla maji hayajaanza kutoka, ulikuwapo ukili mmoja kutoka Pangani mpaka Bweni. Mama Inesi alilia na kupiga picha. Watu wa gatini hawakujua kama inafaa kupiga makofi. Madereva wakapiga honi.

Mimi pia nililia, na watu walidhani nimeguswa. Nilikuwa nalia kwa sababu hakuna aliyetembea. Nilipomwambia Bibi jioni ile nilivyokuwa nikitarajia, hakunicheka. Alisema ukili si wa kukanyaga. Ungoje kwanza uwe mkeka.

Mama Inesi aliondoka na kipande kifupi tu, na kilichobaki wanawake walikigawana na kushona mikeka. Siku hizi naweza kuyaandika hayo yote kwa mpangilio, nikijua nani alijua nini na lini. Bibi alisuka ule ukili mweupe kuanzia siku za mwanzo kabisa, maana ukili wa urefu ule hausukwi kwa siku mbili. Alikuwa tayari kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba kutakuwa na pengo. Kitu pekee ambacho hakuwa tayari nacho ni kwenda bila kuitwa, na nikifikiri jinsi maji yalivyokuwa karibu kutoka, sidhani kama alikuwa anatishia tu. Nadhani kweli angerudi na kapu lake limefunikwa. Bibi wa Bweni alifariki Mwanza miaka michache baadaye, na habari ilikuja kwa simu. Hawakuwa wameonana tena tangu aondoke.

Lakini kabla ya kuondoka kulikuwa na siku ya kufunga mizigo. Tulivuka asubuhi, Bibi amesimama mbele kabisa ya pantoni kama mtu anayekagua kazi ya serikali, na tulipofika alivua baibui, akaanza kutoa sufuria kabatini. Zuhura alikuwa ameshafika kutoka Mwanza. Alimwamkia mama yake mkubwa akiwa ameinama chini sana, na Bibi akamwitikia na kumwambia aende akatafute kamba. Baada ya hapo hakuna aliyepata nafasi ya kusema jingine. Bibi alisema blanketi zote ziende kwa sababu Mwanza kuna baridi. Mdogo wake akasema Mwanza kuna joto. Bibi akauliza umefika lini Mwanza, akaambiwa na wewe umefika lini. Kinu kiliingizwa kwenye gunia, kikatolewa, kikaingizwa. Waligombania mfuniko wa sufuria, fundo la kamba, mwaka aliozaliwa mbuzi fulani aliyekufa zamani. Sauti zilipanda mpaka jirani akachungulia dirishani.

Zuhura alinifuata nje, nilipokuwa nimekaa kizingitini. Alikuwa na kamba mkononi na hakuthubutu kuingia nayo. Aliniuliza kwa kunong'ona kama wamekosana tena.

Nilisikiliza kidogo ili niwe na hakika, kisha nikamwambia hapana, wanafunga mizigo.